Miaka mitatu ya akiolojia, siku 12 tu shimoni!

Wakuu, leo acheni niseme, nimevumilia vya kutosha.

Nasoma akiolojia, mwaka wa tatu, namalizia. Zile kejeli za "utaajiriwa kufukua makaburi?" nilishazizoea. Kinachoniuma ni idara yenyewe. Miaka mitatu, fildi siku 12. Shimo la mita moja kwa moja, mwiko mmoja, watu watano tunapokezana. Zamu yangu ilipofika nikaparua sakafu ya shimo, nikanyunyiza maji kidogo, duara jeusi likajitokeza kwenye udongo mwekundu: nguzo ya nyumba iliyooza zamani imeacha alama yake. Nainua kichwa niulize tunaichoraje, naambiwa muda umeisha, pandeni basi.

Darasani je? Libby, aliyebuni njia ya kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni 14, alipata Nobel lini? 1960. Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus lini? Julai 1959. Haya, nimepata A. Lakini sijawahi kufunga hata kipande kimoja cha mkaa cha kwenda kupimwa kaboni 14, na mitambo ya upimaji ardhi tunaiona kwenye slaidi.

Na mtu asije hapa kuniambia fani haina kazi. Mwaka 1984 Clyde Snow, bingwa wa kutambua mifupa, alikwenda Argentina akakusanya wanafunzi, wa akiolojia wakiwemo, akawafundisha kufukua watu waliopotezwa na utawala wa kijeshi. Kwa mwiko na brashi, siyo tingatinga. Wanafunzi kama mimi! Huko Tucson, Marekani, mwanaakiolojia William Rathje alianza mwaka 1973 kupekua taka za majumbani, akakuta makopo ya bia mengi kuliko wenyewe walivyokiri (hii hunichekesha kila nikiikumbuka). Na katika nchi nyingi, barabara kubwa haipiti mpaka mtu akague chini kuna nini. Huyo anatakiwa asome tabaka za udongo, achore ramani, aandike ripoti ambayo injinia ataielewa. Mafuvu ya kukariri yatamsaidia nini?

Nilimfuata mkuu wa idara. "Hayo mtajifunzia kazini." Kazi gani, mzee wangu, na kila tangazo linataka uzoefu wa fildi?

Hela ya mafunzo kwa vitendo tumelipa miaka yote mitatu, kamili. Mwaka huu hata hilo basi halikuja. Nimeandika barua kuomba mchanganuo, wiki ya tatu sasa, kimya.

Mliosoma kozi hii kwingine, ninyi mlichimba siku ngapi?