Mafundi grafiki, weupe siyo uwazi! Nimechoka

Wakuu, mtanivumilia, leo nimeshikwa.

Nina kazi hapa Mbeya, mchezo wa simu wa watoto wa kuunganisha vipande vya picha. Picha ni Ziwa Ngosi, vipande 48. Nikamwomba jamaa mmoja wa grafiki pale Mwanjelwa anikatie, kila kipande faili lake la PNG (aina ya faili la picha inayokubali uwazi), nje ya kipande pawe wazi kabisa, sikio la hiki liingie kwenye tundu la kile. Nusu ya hela akachukua kabla.

Kaleta kwa WhatsApp. Kama picha, siyo kama dokumenti! Vyote vimegeuka JPEG, na JPEG haijui uwazi ni nini. Kila kipande kimekuja na mraba mweupe mgongoni kama mtu kabeba godoro. Namuuliza, ananijibu "mbona kwangu inaonekana safi". Itaachaje, na skrini yake nyeupe?

Akarekebisha. Safari hii kuna miraba ya kijivu na nyeupe kama ubao wa drafti. Ile alama ya programu ya kukuonyesha kwamba hapa hamna kitu, yeye kaipiga skrinishoti kanitumia! Nilitoka nje nikapigwe na baridi kwanza.

Nikajifanya mjanja, nikaandika kodi (maagizo ya programu): ikikuta pikseli, yaani nukta ya picha, iliyo nyeupe, alfa yake (kipimo cha kuonekana) iwe 0, ipotee. Ukungu wa Ngosi, nao mweupe, wote ukatoboka. Na kingo zikabaki na utepe mweupe, maana pikseli za pale ukingoni zimeshachanganya rangi ya ziwa na weupe wa nyuma, hazishikiki.

Juzi usiku nikatupa kila kitu. Nikachukua picha moja nzima, umbo la kipande nikalichora kwa kodi, picha ikakatwa humo humo kwenye kanvasi (sehemu ya programu ya kuchorea). Kingo safi. Kumbe vipande vyake sikuvihitaji hata kimoja!

(Kosa langu nalo nilitaje: kugusa nilikuwa napima kwa mstatili, mtoto akigusa kona iliyo wazi anaburuta kipande cha juu asichokitaka. Sasa nasoma alfa pale kidole kilipogusa, ikiwa 0 naenda cha chini yake.)

Leo asubuhi jamaa kapiga simu, anataka nusu iliyobaki. Eti kazi aliifanya mara mbili.

Nyie mngemlipa?