Tupeane uzoefu: nyuzi za kompyuta, kikundi kidogo au kikubwa?

Wakuu, habari za leo. Maprodyuza na watunzi mnaotumia vayolini, viola, chelo na besi za kompyuta, karibuni tupeane uzoefu.

Naanza mimi. Kazi zangu nyingi ni kwaya na nyimbo za taratibu. Nyuzi za okestra kubwa zilikuwa zinamfunika mwimbaji. Sasa natumia Spitfire Chamber Strings, mkusanyiko wa sauti za nyuzi halisi unaopigwa kwa kibodi, uliorekodiwa London kwenye ukumbi wa studio za AIR kwa wapigaji 16 tu: vayolini ya kwanza 4, ya pili 3, viola 3, chelo 3, besi 3. Unasikia mpaka upinde unavyokwaruza uzi, na maneno ya wimbo yanabaki wazi.

Ila msipige kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa mkono mzima! Ukibonyeza noti 4 kwenye vayolini 4, umeshaleta vayolini 16 na udogo wa kikundi umepotea. Mimi narekodi kila mstari peke yake, mkono wa kushoto uko muda wote kwenye kigurudumu cha modi, kile cha kibodi kinachoongeza na kupunguza nguvu ya sauti, maana noti ndefu ambayo nguvu yake haipandi wala kushuka inasikika kama kinanda.

Mdau, Mombasa:
Asante mkuu. Kwangu shida ilikuwa legato (noti zinazounganishwa bila kukatika) kuchelewa. Sampuli, yaani sauti iliyorekodiwa, ina ule mwendo wa kutoka noti moja kwenda nyingine, kwa hiyo noti inafika nyuma ya ngoma. Nausogeza mstari mzima uanze mapema kidogo, kwa sikio, hadi ukae. Kompyuta yangu ina RAM ya 8GB, hivyo mstari ukikamilika naugeuza odio na kuzima plagini (programu inayotoa sauti hizo).

Mdau, Unguja:
Sisi wa taarab tuna jambo letu. Ukipiga Rast, moja ya ngazi za muziki za Kiarabu, kuanzia C, ile E lazima ishuke robo toni, na kibodi haina noti hiyo. Kama kigurudumu cha kupinda noti (pitch bend) kimewekwa nusu toni 2 kila upande, ambapo mwisho wake ni 8192, nashusha kwa 2048 kwenye E tu, kisha narudisha sifuri. Vayolini zote napiga melodi moja, sigawi sauti. Juu yake namrekodi mpiga fidla wa kweli, maiki karibu, atie manjonjo yake; za kompyuta nazirudisha nyuma zijaze tu.