Kuagwa kwa Yona (kikundi cha ukoo, Alhamisi jioni)

Shangazi Nesi: Bwana Yesu asifiwe. Jumapili ibada ya pili Yona na mkewe wanawekewa mikono, Jumatatu wanapanda meli ya Kalemie, Kongo, kwenye utumishi. Nani analeta nini?

Baba Mdogo: Amina. Mchele kilo 20 juu yangu. Ila jina lenyewe Yona, jamani! Msindikizeni mpaka ndani ya meli, asije akakata tiketi ya Tarshishi 😂

Yona: Baba mdogo! Tiketi kaishika mke wangu, sitoroki.

Shangazi Nesi: Kadi ya homa ya manjano je? Kongo hawaingizi mtu bila hiyo.

Yona: Yangu ya 2014, shangazi. Nirudie?

Shangazi Nesi: Hapana. Tangu 2016 sindano moja inatosha maisha. Ya mkeo?

Yona: Kachanjwa mwezi uliopita, zile siku 10 zimeshapita.

Mama Mkubwa Kibirizi: Nimemfungia dagaa debe zima, na mawese lita 5.

Rehema: Mama mkubwa, dagaa Kalemie? Ziwa si hilohilo?

Mama Mkubwa Kibirizi: Wa huko nani kawaanika? Hawa nimewaanika mwenyewe kichanjani, hawana hata punje ya mchanga.

Mjomba Mwalimu: Wapendwa, mwaka 1878 wamisionari wa Uingereza, wa London Missionary Society, walifika hapo Ujiji kutoka pwani. Mchungaji Thomson hakumaliza hata miezi miwili, akafariki Septemba. 1879 akaja Dodgshun, naye siku chache tu akafariki.

Shangazi Nesi: Shemeji, mtoto anaondoka Jumatatu, unatusomea waliokufa?

Mjomba Mwalimu: Subiri basi, shemeji! Mwenzao Hore, baharia, alibaki miaka akalipima ziwa na kulichora. Nilikuwa naelekea huko.

Baba Mdogo: Ungeanzia huko.

Shangazi Nesi: Mama Yona, mbona kimya? Naona unasoma tu.

Mama Yona: Nipo, wifi. Napiga pasi mashati yake.

Rehema: Mama, si yatajikunja tena begini?

Mama Yona: Najua.

Yona: Mama 🙏🏾

Rehema: Bibi yuko hapa pembeni, anasema niandike alivyosema. "Mimi kanisani siendi kumuaga mtu. Kule mnaimba, mnapiga vigelegele, mtu akilia anaambiwa hana imani. Ijumaa aje alale hapa Ujiji na mkewe. Nina ya kumwambia."

Yona: Shikamoo bibi. Ijumaa kanisa limetuandalia mkesha wa maombi.

Rehema: Kasema marahaba. Kasema "mkesha aufanyie hapa. Mungu Ujiji si anapajua?"

Baba Mdogo: 😂😂 Mjibu sasa, mtumishi.

Mjomba Mwalimu: Mimi namuunga mkono mama. Kanisa linaye miaka miwili yote hii inayokuja, bibi anao usiku mmoja.

Yona: Nampigia mchungaji.

Yona: Kakubali. Anasema tuanze saa tatu usiku, yeye anakuja na kwaya.

Rehema: Kwaya nzima?? Bibi ana viti sita.

Baba Mdogo: Na ule mchele ulikuwa wa Jumapili!

Shangazi Nesi: Nunua mwingine, mdogo wangu. Na turubai, mvua za siku hizi hazina ratiba. Viti nachukua kwa jirani. Rehema, bibi asibebe sufuria, umesikia?

Rehema: Kashaanza kuziosha.