Mtoto njiti, tumbo lilivimba na maziwa yangu yanapungua. Naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ni njiti, kazaliwa wiki ya 31 na kilo 1.4, bado tuko wodini. Analishwa kwa mpira wa puani kila baada ya saa 3. Walifika mililita 12 vizuri tu, ghafla tumbo likavimba, gumu, linang'aa kama puto. Nesi akivuta na sirinji kabla ya kumlisha, yanatoka maziwa ya awamu iliyopita yana ukijani. Wakasimamisha maziwa, akapigwa eksirei, akawekewa dripu na antibayotiki. Daktari alihofia maambukizi ya utumbo, yale yanayowasumbua njiti. Alhamdulillah tumbo limeshuka, choo kapata, wameanza tena na mililita 2.

Sasa shida ni mimi. Nakamua kwa mkono mchana na usiku, titi la kushoto linatoa matone tu. Daktari anasema yasipotosha atapewa ya kopo ya njiti, nami naogopa kwa sababu wenyewe wanasema ya mama ndiyo yanayolinda utumbo wake.

Mama mkwe analeta mtori na uji wa pilipili manga, nakunywa vyote. Ila alikuja na maji ya kuondoa gesi ampe mtoto, nikakataa. Kanuna mpaka leo, hilo tutalimaliza nyumbani.

Mliopitia haya, maziwa yaliongezekaje? Pampu inasaidia kuliko mkono? Na kangaruu, yaani kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, mlimbeba akiwa bado na mpira na dripu, au mlisubiri vitolewe?