Posho nyeupe (ugali wa unga wa mahindi uliokobolewa) katika shule za Uganda: ipigwe marufuku au iachwe?

Mchokozi wa Jinja: Wanafunzi wa bweni wanashindia posho ya namba moja na maharage muhula mzima. Unga ule umekobolewa, pumba na kiini vimeenda kwa nguruwe. Bakteria wa utumbo mpana wanaishi kwa nyuzinyuzi. Wakizipata hutengeneza butireti, chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Serikali ilazimishe dona, unga usiokobolewa. Na asubuhi wapewe bushera, uji wa mtama uliochachushwa, siyo chai ya sukari.

Karani Arua: Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, hujazana kwenye pumba na kiini. Ukikoboa unaipunguza, ukila dona unaila yote. Au mmesahau Machi 2021 Kenya ilivyozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumu hiyo? Yakaushwe kwanza hadi unyevu usizidi 13.5%, ndipo tuongee. Tena dona ina mafuta ya kiini, huchacha upesi stoo. Na hiyo bushera, mnataka watoto wajue pombe kabla ya hesabu?

Mwana Kigezi: Pombe? Ssebo, uliza kwanza. Unga wa mtama unakorogwa na maji yanayochemka, unaachwa hadi uwe vuguvugu, ndipo unatia kimea na kufunika. Ukitia kimea uji ungali unafuka, umeua bakteria na vimeng'enya, kesho utakuta uji mzito tu. Ya siku moja ni tamu, ndiyo ya watoto. Ikilala siku tatu, nne, hiyo ni muramba ya wakubwa.

Karani Arua: Na ikibaki hadi siku ya nne nani ataimwaga? Mpishi wa shule hamwagi kitu.

Mwana Kigezi: Usitukane chakula cha watu.

Baba Mdogo: Tulieni. Yule daktari Mwingereza wa hospitali ya Mulago, Kampala, alishasema zamani kwamba chakula chetu ni dawa ya tumbo.

Nnyabo Lishe: Mwairishi, Denis Burkitt. Na bakteria hawakuwa hoja yake. Yeye na wenzake walipima choo, wakachapisha 1972: wanakijiji wa Uganda zaidi ya gramu 400 kwa siku, wanamaji wa Uingereza kama 100. Hapo tuliwashinda bila refa.

Baba Mdogo: Mwairishi, Mwingereza, choo ni kilekile.

Nnyabo Lishe: Mnapigania bushera na maharage yenyewe hayaiviswi. Yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya. Sukari zinazoleta gesi hupungua. Na dona isiingie kwa kishindo. Changanya robo kwa wiki mbili, la sivyo bweni zima litanguruma.

Mchokozi wa Jinja: Bushera yenyewe ikipashwa moto je?

Mwana Kigezi: Ikichemka bakteria wamekufa, umebaki uchachu. Inywewe baridi. Na kimea kikikauka, vichipukizi vipukutwe kabla ya kusaga, chipukizi la mtama lina sianidi.

Karani Arua: Sianidi! Na mpishi yuleyule asiyemwaga kitu ndiye atakayewapukutia watoto mia tisa?