Amezaliwa Nakivale, ana miaka 22: ni raia au bado mgeni?

Mtoa mada, Nsambya
Jamani, kijana wa jirani yangu ni fundi simu. Alizaliwa hapa Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Wazazi wake walikimbia vita Fizi, Kongo. Kiganda chake kinanizidi mimi niliyekuja mjini ukubwani. Juzi kaenda kuomba kitambulisho cha taifa, karudi na bahasha yake vilevile. Kaambiwa yeye ni mkimbizi. Amekimbia wapi, na Fizi hajaikanyaga? Nasema sheria ibadilishwe. Nani anabisha?

Mkulima, Isingiro
Nabisha mimi. Huko mjini uraia ni kadi, huku kwetu ni shamba. Nakivale iko wilayani mwetu, na mpaka wa kambi na malisho yetu tunaugombania kila msimu. Mkimbizi aliye hapa Uganda, kwa sheria ya 2006, anafanya kazi, anatembea atakako, na kambini anapewa kipande cha kulima. Tumepokea watu zaidi ya milioni moja na nusu. Kila anayezaliwa humo akiwa raia, wajukuu wangu watalima wapi?

Mtoa mada
Mzee wangu, huyu haombi shamba. Anataka avuke Busia kwa kitambulisho kama wenzake, akanunue vipuri Nairobi.

Mwanafunzi wa sheria, Makerere
Shikamoo mzee. Katiba ya 1995 haitoi uraia kwa kuzaliwa hapa tu. Ibara ya 10 inaangalia jamii: mzazi, babu au bibi awe wa jamii zilizokuwa ndani ya mipaka yetu tarehe 1 Februari 1926. Kwenye orodha ya jamii hizo Alur wamo, Wakonzo wamo, hata Walendu. Wabembe wa Fizi hawamo. Ukija ibara ya 12, ya kusajiliwa kuwa raia, ukiwa na mzazi mkimbizi umefungiwa. Hata bibi yako akiwa ndiye aliyekimbia, umefungiwa.

Sasa someni ibara ya 11. Mtoto wa kuokotwa, asiyezidi miaka mitano, wazazi hawajulikani: huyo anahesabiwa raia wa kuzaliwa. Siku nilipoisoma nilifunga kitabu nikatoka nje. Mama yake huyu fundi angemtupa kando ya barabara ya Mbarara, leo kitambulisho angekuwa nacho. Alimbeba mgongoni, akamwandikisha kambini kama alivyoagizwa, na jina hilo la kambini ndilo linalomzuia mwanawe.

Hajati, Bombo
Mwanangu umesema. Ila msimpe kijana matumaini ya bure kuhusu orodha. Sisi Wanubi tumo, na bado wajukuu wakiomba paspoti wanaulizwa babu wa babu alitoka Sudani lini. Nani anajua? Alikuja na bunduki ya Mwingereza!

Mkulima, Isingiro
Hajati, nyinyi hamna neno. Huyo wa Nsambya afuate njia ya miaka ishirini kama wageni wengine.

Mwanafunzi wa sheria
Hiyo ndiyo tajinisi, mzee, yaani mgeni kuomba apewe uraia. Miaka 20 kwa jumla, na miezi 24 ya mwisho mfululizo. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema mkimbizi hawezi kusajiliwa, ila tajinisi anaweza kuomba. Kwa hesabu hiyo kijana ameshafika. Tatizo ni kwamba bodi ya uraia "inaweza" kumpa, hailazimiki. Mtu aliyezaliwa hapa anaomba hisani pamoja na aliyeshuka Entebbe akiwa mtu mzima.

Mkulima, Isingiro
Kuomba si dhambi. Akipewa hivyo, mmoja mmoja, kwa kuchunguzwa, mimi sina kinyongo. Ninachokataa ni lango kufunguliwa kwa mkupuo.

Mtoa mada
Nitamwambia ajaze fomu. Kuna jingine sikulitaja: mchumba wake ni binti wa Masaka, ana mimba ya miezi saba.

Hajati, Bombo
Basi huyo wa tumboni ni raia tayari, kwa mama yake. Kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha kwa wakwe, imefanyika?

Mtoa mada
Bado, Hajati. Mahari inasubiri hivyo vipuri vya Nairobi.