Mbona mastaa wa filamu za Ufilipino wengi weupe na wana majina ya Kihispania?

mpenda_tamthilia

Wakuu habari zenu. Mimi muvi na tamthilia za Ufilipino nimeziangalia miaka mingi sana, ila kuna kitu kinanisumbua. Kwanza majina, Cruz, Santos, Reyes, utadhani uko Mexico. Pili ngozi, steringi wa kike karibu kila mara ni mweupe, pua ndefu, halafu anayepewa uhausigeli ndo wa maji ya kunde, wakati ukiangalia video za mitaani Manila watu wengi kabisa ni maji ya kunde! Tatu kila tamthilia lazima mama alie mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Hivi hii yote ni ukoloni au ni utamaduni wao wenyewe? Mwenye kujua anieleweshe.

Mzee_wa_Reli

Mkuu majina usiyachukulie kama ushahidi wa damu. Watu walianza kujiita Cruz na Santos wakati wa kubatizwa, wakawa wengi mpaka wakusanya kodi wakawa hawajui nani ni nani, ndo mwaka 1849 gavana Narciso Clavería akatoa amri kila familia ichukue jina la ukoo kutoka kwenye orodha ya serikali. Kwa hiyo mtu ana jina la Kihispania na hana hata babu mmoja wa huko.

Kuhusu kilio na kanisa, Wahispania walianza kutawala 1565 wakatoka 1898, zaidi ya miaka 300 hiyo. Walikuwa na sinakulo, yaani igizo la mateso ya Yesu wakati wa Kwaresima, walikuwa na komedya, maigizo ya Wakristo kupigana na Waislamu, na baadaye sarsuwela, maigizo ya kuimba. Sinema ilivyoingia Manila 1897 bendera ya Hispania bado iko juu, ikakuta jukwaa limeshafundisha watu namna ya kulia na kusamehe. Filamu ndefu ya kwanza ya Mfilipino mwenyewe, Dalagang Bukid ya José Nepomuceno, 1919, ilitokana na sarsuwela, na kwa vile ilikuwa haina sauti, mwigizaji wake Atang de la Rama alikuwa anaimba laivu ukumbini picha ikiwa inaendelea. Mimi hiyo huwa naiona nzuri mno, chombo kigeni lakini sauti ya kwao.

Bi_Zuhura

Mzee umeeleza vizuri ila umemsahau Mmarekani, na kwenye ngozi yeye ndo ana mkono mkubwa. Wafilipino wamepigana na Hispania, Mmarekani akaja akainunua nchi kwa dola milioni 20, vita vikaanza upya 1899, na mwaka huohuo kampuni ya Edison ikatengeneza filamu fupi za vita vya Ufilipino, zimepigwa New Jersey! Watu wa Marekani wakaziangalia wakidhani wanaona vita. Huko Ufilipino sheria ya uchochezi ya 1901 ikawabana waandishi wa maigizo, Aurelio Tolentino alifungwa kwa ajili ya mchezo wake wa 1903. Na filamu za kwanza kuhusu José Rizal, shujaa wao waliyempiga risasi Wahispania 1896, zilitengenezwa 1912 na Wamarekani. Yaani hata hadithi ya shujaa wao hawakuanza kuisimulia wenyewe, hili linaniuma.

Baada ya hapo shule zikawa Kiingereza, kumbi zikajaa Hollywood, na studio za Manila zikaanza kutafuta sura zinazofanana na za Hollywood, ndo machotara wakapewa usteringi. Wajapani walipokuja 1942 wakazibana filamu za Marekani, lakini vita vilipoisha mambo yakarudi palepale.

kalamu_nyeusi

Mimi nakataa kidogo, mnaongea kama Wafilipino walikaa tu wakapokea. Nora Aunor mnamjua? Mfupi, maji ya kunde, mtoto wa familia maskini Iriga, alikuwa akiuzia maji abiria wa treni, akashinda mashindano ya kuimba 1967 na baadaye akawa staa ambaye watu walikuwa wanamlilia barabarani. Mashabiki wake wengi walikuwa hao hao mahausigeli ambao kwenye muvi wanaonekana wanabeba trei tu. Halafu 1982 akacheza Himala ya Ishmael Bernal, binti wa kijiji kikavu anayesema amemuona Bikira Maria, kijiji kizima kinageuka biashara, na mwisho anasimama mbele ya umati anasema "Walang himala", hakuna muujiza. Dini ile ile ya mkoloni, lakini hapo wanaihoji wao wenyewe, kwa Kitagalogi, kupitia sura ya kwao.

Kuna na mwongozaji Kidlat Tahimik, jina lake maana yake radi ya kimya, filamu yake ya 1977 inamhusu dereva wa jeepney, daladala la huko, anayeota Marekani mchana na usiku. Na jeepney yenyewe asili yake ni jeep za jeshi la Marekani zilizobaki baada ya vita, wakazirefusha wakazipaka rangi.

mpenda_tamthilia

Asanteni sana, kumbe! Jana usiku nimeitafuta Himala nimeiangalia yote. Ile sehemu ya mwisho nimeirudia mara tatu, na mpaka sasa nawaza zile sura kwenye umati, maana ndo watu niliokuwa nauliza wako wapi.